Mama, Pakua!

Kompyuta yangu si ya kuonyesha watu. Ni laptopu ya mtumba iliyokuja kutoka Uingereza, na mpaka leo nikitafuta alama iliyo juu ya tatu hutoka pauni. Aliyeniuzia aliapa kwamba ilikuwa ya mhasibu mmoja mtaratibu, haijaonja hata sinema. Betri hukaa dakika 11. Nimeipima kwa saa. Lakini hiyo ndiyo inayotulisha. Duka langu la kuchapa barua, kutoa kopi na kutengeneza kadi za harusi ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Nyuma ya pazia ni jiko la mama. Mteja huingia na kitambulisho, akatoka na kopi mbili na nguo zinazonukia kitunguu cha kukaanga.

Mama ndiye msaidizi wangu, na alikuwa msaidizi hodari. Kiingereza hajui, na kompyuta ilikuwa Kiingereza kitupu, lakini hayo hayakumsumbua kwa sababu hakuwa akisoma. Alikuwa akijua mahali. Pembe ya chini kushoto, kile kidirisha. Halafu cha tatu kutoka juu. Halafu chenye picha ya mashine. Halafu cha buluu. Alikwenda nayo kama ajuavyo mkebe wa hiliki na mkebe wa bizari nyembamba bila kufunua vifuniko. Nikienda msikitini au sokoni kazi haisimami. Miaka sita tumekwenda hivyo.

Ikaja tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, mfumo ulioiendesha kompyuta yangu, yalifika mwisho. Mfumo wenyewe ulikuwa umetoka Julai 2015, umri wa mtoto wa darasa la nne. Kwa miezi kompyuta ilikuwa ikinikumbusha, nami nikiufunga ujumbe kama anavyofungiwa mlango mtu mwenye kudai. Mwishowe hofu ikaniingia. Watu huniachia namba za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, barua za mirathi. Nikasema, haya, tuhamie Windows 11.

Windows 11 ina masharti kama ya posa. Yataka memori ya gigabaiti 4 kwenda juu, nafasi ya gigabaiti 64, chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, na kama prosesa ni ya Intel basi iwe ya kizazi cha nane au baadaye. Yangu ni kizazi cha nane. Imepenya kwa ukucha, kama mtu wa mwisho kuingia feri kabla mnyororo haujafungwa.

Nilianza Alhamisi moja ya Novemba, usiku, mama akiwa amelala. Ikaandika kwamba nisizime, ikaanza kuhesabu asilimia. Ilipofika 61 mita ya stima ikaanza kulia. Tokeni zakaribia kwisha, imebaki yuniti moja na kitu, na betri yangu mwaijua. Nikachomoa friji. Nikachomoa chaja za simu. Nikazima feni ya mama.

"Feni imekufa?" akauliza kutoka chumbani.

"Yapumzika, mama."

Nikanunua tokeni za shilingi 100 kwa simu, nikaingiza tarakimu zote 20 gizani, nikakosea mara mbili kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka kama naingiza namba ya kufungulia bomu. Mita ikanyamaza. Saa tisa na robo usiku kompyuta ikawaka, ikatoa mlio mtamu, nikakaa kuitazama bi harusi wangu.

Alikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Pembe za madirisha zimeviringwa kama pembe za mto. Rangi laini. Lakini vile vialama vya chini, vilivyokuwa vimejipanga kuanzia kushoto, vilikuwa vimekusanyika katikati kama wazee waliofuata kivuli cha baraza. Mkono wangu ukaendelea kwenda pembe ya kushoto kwa mazoea, kama ulimi unaotafuta jino lililong'olewa. Na pembeni hapo pana nini sasa? Hali ya hewa. Kila nikipeleka mshale kutafuta kile kidirisha, lafunguka pazia zima la habari na kuniambia kwamba Mombasa kuna digrii 28. Saa tisa usiku, feni imezimwa, natota jasho, nami napewa habari za joto.

Nikabofya upande wa kulia nipate kunakili na kubandika, maneno niliyoyazoea sikuyaona mahali pake. Yamehamia juu ya orodha, kila moja chini ya kipicha chake. Mkasi nikauelewa. Vile vingine nilivisoma kwanza.

Kosa langu lilikuwa hapa, na ni langu peke yangu, halina mwenzangu. Badala ya kulala, nikaingia kwenye mipangilio ya lugha ya Chrome, ile programu ya kufungulia intaneti, nikaona Kiswahili. Damu ikanichemka. Mimi mtoto wa Mvita, nimezaliwa nyumba mbili kutoka hapa, miaka yote namfanyisha mama kazi kwa lugha ya watu! Nikachagua Kiswahili, nikaanzisha upya, na alfajiri ilipoadhiniwa kompyuta ilikuwa yanizungumza kama binamu. Bandika. Futa. Pakua. Chapisha. Nilikaribia kulia. Nilijiona nimemfanyia mama zawadi kubwa kuliko leso doti mia.

Baada ya sala akaja jirani. Amenunua tokeni, namba imemjia kwa WhatsApp, na macho yake hayaoni maandishi madogo, hivyo huja nimchapie kubwa kubwa. Nikainakili ile namba, nikamchapia, akaniombea dua akaenda zake. Ikumbukeni namba hiyo.

Kisha nikavuka Likoni kumfuata mtu ninayemdai.

Saa nne nikiwa narudi, nimesimama kwenye foleni ya feri, mama akapiga. Mama wa bi harusi amekuja. Ni mteja wangu wa kadi 100 za kupamba, na kadi zilikuwa tayari kwenye kompyuta, zimebaki kuchapwa. Lakini ukumbi umebadilishwa usiku. Jina la ukumbi mpya wamelituma kwenye barua pepe asubuhi hiyo, na nafasi ya ukumbi kwenye kadi nilikuwa nimeiacha wazi. Yuwataka kadi kabla ya sala ya Ijumaa, wasichana wake wazigawe alasiri. Ameketi, ana wasichana wawili na dereva, na amevua viatu, maana yake haondoki mikono mitupu.

"Usiwe na wasiwasi," nikasema. "Nitakuelekeza kwa simu."

Umati ukaanza kushuka kwenda kwenye chombo, nikasukumwa nao. Mwajua feri ya asubuhi. Kuvuka kwa miguu hakulipiwi, kwa hivyo hakuna aliyebaki nyumbani. Nilijikuta katikati, mbele yangu mwanamke mwenye kikapu cha muhogo, nyuma yangu mzee wa kofia ya vito mwenye bakora, kwapani mwa mtu mwingine kuna kuku.

"Mama, uko kwenye kompyuta?"

"Niko. Kidirisha changu hakiko. Mahali pake pameandikwa digrii ishirini na tisa."

"Kimehamia katikati."

"Kakihamisha nani?"

"Hivyo ndivyo ilivyo sasa, mama."

"Na haya maneno..." Akanyamaza. "Mbona nayaelewa?"

"Ni Kiswahili, mama," nikasema, kifua kimenijaa.

Hakujibu upesi. Sasa najua kwa nini. Mtu aliyekwenda miaka sita kwa kujua mahali, mahali pamehamishwa, na juu yake maneno yameanza kusema naye. Kiingereza kilikuwa hakimsumbui kwa kuwa hakimwambii kitu. Lakini wakati ule nilidhani amezidiwa na furaha.

Hapo, bila mimi kujua, wali ukamwita. Ijumaa ile alikuwa anapika biriani, wali mbali, rojo mbali, kwa ajili ya ami yangu na wageni wanne waliokuwa njiani kutoka Lamu. Akasikia harufu ya ukoko, akarudi jikoni na simu, akaiweka juu ya kabati kwa spika. Mimi najua yuko mbele ya kompyuta. Yeye yuko mbele ya sufuria. Na feri ikapiga honi.

"Mama! Umeona palipoandikwa Pakua?"

"Nini?"

"Pakua, mama! Pakua!"

"Sasa hivi? Wageni hawajafika!"

"Wageni gani? Mteja yuwangoja! Pakua!"

Kimya kidogo. "Haya. Mwenye mteja ni wewe." Nikasikia bati likigonga. Nikadhani amevuta kiti.

Yule mwanamke wa muhogo akageuka kunitazama.

"Nshapakua," mama akasema.

"Yote?"

"Wataka yote?"

"Yote, mama! Ikibaki nusu haina maana, haitafunguka!"

"Subhanallah," mama akasema, lakini nikasikia mwiko ukikwangua chini.

"Ishakwisha? Sasa bandika."

"Nibandike tena? Nyengine?"

"Hapana, bandika pale palipo wazi!"

"Palipo wazi ni figa moja tu."

Injini zilikuwa zinanguruma. Mimi "figa" niliisikia kama "fika". "Naam, hapo hapo! Bandika! Na ukimaliza, chapa. Chapa mia."

Kwenye kompyuta pameandikwa Chapisha. Nilifupisha nisipoteze pumzi, na ufupi huo umenigharimu.

"Nimchape nani?"

"Mia, mama! Mia moja! Usizidishe hata moja, kila moja ni hela!"

Nikasikia kwa mbali kandambili zikikimbia, pa-pa-pa-pa, na mlango wa uani ukifungwa kwa kishindo. Kisha simu ikakatika.

Nilipoinua kichwa, watu wote wa karibu walikuwa wamenizunguka. Yule mzee aliegemeza bakora kifuani pangu, si kwa nguvu, lakini kwa nia.

"Kijana. Huyo unayemwamrisha ni mamako mzazi?"

"Ndiyo, mzee, lakini..."

"Apakue. Akimaliza kupakua abandike. Akimaliza kubandika achape mtu viboko mia. Mamako ni nani, askari jela?"

"Na saa nne hii ya asubuhi," akasema wa muhogo. "Yote, ati. Apakue yote! Wengine nyumbani wale nini?"

"Ni kompyuta, mama yangu. Inayopakua ni kompyuta."

Wakatazamana. Mzee akashusha bakora, uso ukamlainika, na hapo nikaona amenitoa kwenye hesabu ya wakosefu wa adabu akanitia kwenye ya wagonjwa. Akauliza kwa upole kama nina ndugu aliyefuatana nami.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja mwenye mkoba wa ofisini. "Wazee, anamaanisha kudaunilodi."

"Aaaah!" Feri nzima. "Daunilodi! Si ungesema daunilodi!" Hata mwenye kuku akatikisa kichwa kwa kunisikitikia. "Kijana mzima, wajifanya kusema Kiswahili."

Ng'ambo nikapanda tuktuk, nikamwambia akimbie.

Nilipofika, mama wa bi harusi, wasichana wake wawili na dereva walikuwa mkekani wamekunjua miguu. Katikati yao sinia. Maua ya chini ya sinia yalikuwa yanaonekana yote, pamoja na lile lililobanduka rangi ambalo sijaliona tangu Idi. Dereva alikuwa ananyonya mfupa kwa utulivu wa mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

"Mwanangu," mama wa bi harusi akaniambia, "wateja wako wawafanyia hisani hivi kila siku?"

Jikoni, kwenye lile figa, kulikuwa na sufuria kubwa ya maji yanatokota. Ndani hamna kitu.

"Maji ya nini?"

"Wanuliza mimi? Ulisema nibandike. Hukusema nibandike nini."

Kompyuta ilikuwa vile vile. Pembeni imeandika digrii 30.

"Na mtoto yuko wapi?"

Mtoto ni mpwa wangu, wa miaka 9, yuko kwetu kwa likizo. Asubuhi kabla sijaondoka aliikalia ile kompyuta dakika kumi, akaijua yote, Kiswahili chake na vipicha vyake. Ndiye mtu pekee nyumbani ambaye angezitoa kadi zile bila simu. Na ndiye aliyekuwa uani alipomsikia mjomba wake, kwa spika, akiamuru chapa mia moja, na bibi yake akiuliza amchape nani. Kwa kuwa juzi yake alikuwa amevunja glasi ya bibi na hajasema, hakungoja jibu.

Nilimpata nje ya Fort Jesus, kajibanza nyuma ya mzinga.

"Mjomba, mia nzima?"

"Hakuna viboko. Nina kazi."

"Apa."

Nikaapa. Akataka na maji ya madafu juu yake, nikampa. Tulipofika nyumbani msikiti ulikuwa waadhini. Nikamwonyesha kadi, nikamwonyesha barua pepe, nikamwambia kwa utaratibu, sasa bila injini wala honi: pakua hii, bandika hapa, chapisha mia. Nikakimbia msikitini.

Nikirudi, kadi 100 zimepangwa mezani, dhahabu pembeni, zanukia wino. Mama wa bi harusi ameshika ya juu, ameisogeza mbali na macho, kisha karibu.

"Baba, huu ukumbi ni wa wapi?"

Mahali pa ukumbi palikuwa na tarakimu 20. Tokeni za jirani. Ile namba niliyoinakili alfajiri ilikuwa imekaa kwenye kompyuta inangoja mtu aseme "bandika".

"Mbona hukunakili jina kwanza?" nikamuuliza mpwa.

"Mjomba, ulisema pakua, bandika, chapisha. Nakili hukusema."

Kwa kweli sikusema. Wala kwenye feri sikusema.

Karatasi za kadi zilikuwa zimekwisha, na duka ninakozinunua hufungwa Ijumaa mpaka saa tisa. Mama wa bi harusi alinitazama muda mrefu. Laiti angekuwa na njaa sijui ingekuwaje, lakini mtu aliyekula biriani ya mama hawezi kugomba, mwili haukubali. Akacheua, akasema, "Tufanyeje?"

Nikachapa jina la ukumbi kwenye karatasi nyeupe mara mia, nikalikata vipande kwa mkasi. Mama akatoka jikoni na kopo la gundi, akaliweka mbele yangu taratibu.

"Haya," akasema. "Bandika."

Tulibandika watu sita mpaka saa tisa kasoro, dereva naye ndani. Nasikia kuna mgeni mmoja aliyebandua kipande chake, akajaribu kuziingiza zile tarakimu kwenye mita ya nyumbani kwake. Zilikataa, bila shaka. Tokeni huandamana na mita yake.

Ami na wenziwe wa Lamu walifika katikati ya gundi. Walipewa chai na mkate. Maji yalikuwa tayari yamebandikwa.

Windows 11 hukupa siku 10 za kurudi ulikotoka ukijuta. Siku ya tisa nikakaa kufikiri, nikaona mfumo wenyewe hauna kosa, nimeshazipenda hata zile pembe. Nikavirudisha vialama vya chini kushoto, kumbe ni suala la mipangilio tu, dakika moja. Hali ya hewa nikaizima. Na lugha nikairudisha Kiingereza.

Saa sita mama akaja mbele na leso yake ya kazi, akaketi, akatazama.

"Ile Pakua yangu iko wapi?"

"Nimeiondoa, mama. Nimerudisha Kiingereza, usipate taabu."

"Nami nishaizoea. Jana nimempakulia mtu cheti chake cha kuzaliwa."

"Utaizoea na hii, ni ile ile ya zamani."

Akainuka, akakunja leso begani, akaingia nyuma ya pazia. Harufu ya samaki wa kupaka ilikuwa imejaa duka zima. Nikangoja. Saa saba. Saa nane. Nikafunua pazia, nikamkuta amekaa kwenye kibao, sufuria imefunikwa, anajipepea.

"Mama, hatuli?"

"Jiko leo ni la Kiingereza," akasema. "Tafuta mahali."